Meseji ya msiba ilijibiwa na mtu baki

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani, nina fremu karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Nyumbani kwetu ni Kibosho. Simu yangu ina majina zaidi ya elfu moja: wateja, ndugu, wanakwaya, wazazi wa shule, madereva, na wengine hata sikumbuki ni akina nani. Nina "Mama Junior" watatu, na "Fundi" mmoja ambaye sijui ni wa bomba au wa umeme.

Mwezi wa nne baba yangu mkubwa alifariki. Baba yangu mzazi alishatangulia, na kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa mjini, kikao kilinipa kazi ya kutoa taarifa kwa ndugu walio mbali. Nikakaa na simu kuanzia saa mbili usiku. Namba ya kwanza haipatikani, ya pili haipatikani, ya tatu akapokea kijana yuko Mbeya: "Mama umekosea, hii laini ninayo mwaka wa pili sasa." Nikampigia rafiki wa marehemu wa enzi za ushirika wa kahawa, akapokea mkewe, akaniambia mzee alifariki mwaka jana. Nilikosa la kusema. Nimepiga kutoa taarifa ya msiba, kumbe mwenzangu naye ana msiba ambao hata pole sijampa.

Lililonileta kwako hasa ni la shangazi. Ni mtoto wa mdogo wake babu, alilelewa nyumba moja na marehemu, akaolewa Korogwe. Ana miaka sabini na kitu, miguu inamsumbua, hajapanda Kibosho siku nyingi. Nilipiga namba yake ikaita bila kupokelewa. Usiku ulikuwa umeshakwenda, nikamwandikia meseji kwamba baba mkubwa ametutoka, tunazika Jumamosi, nyumbani. Baada ya muda ikaingia: "Poleni sana. Mungu awatie nguvu." Nikaweka tiki mbele ya jina lake kwenye karatasi, nikaendelea na wengine.

Shangazi hakuja kuzika. Tukasema ni miguu. Kumbe hajui lolote! Alikuja kusikia wiki tatu baadaye kwa mama mmoja waliyekutana hospitali. Laini yake ile ilifungwa zamani, wakati wa kusajili kwa alama za vidole, kwa sababu hakuwa na namba ya NIDA. Sasa anatumia nyingine aliyosajiliwa na mjukuu. Ile ya zamani ina mtu mwingine kabisa, na ndiye aliyenijibu poleni.

Tangu hapo hapokei simu yangu. Ametuma maneno kwa mdogo wangu kwamba "walioko mjini wamechagua wa kumzika kaka yangu."

Nikasema nijirekebishe, nianze kuwatafuta watu. Nayo imekuwa aibu. Mtu niliyepotezana naye nikimsalimia, ananijibu "Kuna nini?" Mmoja tuliimba naye kwaya, nikamwandikia "Za siku nyingi rafiki yangu," akajibu: "Nzuri. Mchango wa nani?" Mume wangu anasema nifute majina yote, nianze upya na watu hamsini. Desemba ndiyo hiyo inakuja, watu watapanda, na nasikia shangazi ataletwa na wanawe. Nifanye nini kuhusu shangazi? Na hii simu niifanyeje?

Mama wa Cherehani, Moshi

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana ya baba mkubwa.

Nianze na shangazi. Simu haina haraka.

Kuna jambo umeliandika kwa kupita, mimi limenisimamisha. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Januari 2020. Kama ya shangazi ilikuwa mojawapo, basi tangu wakati ule hadi usiku wa msiba hujawahi kumpigia ukaisikia sauti yake. Hesabu hiyo shangazi ameshaipiga. Meseji iliyopotea anaweza kuisamehe hata leo. Kinachomuuma ni kwamba namba yake ilikufa, miaka ikapita, na nyumbani hakuna aliyegundua mpaka alipofiwa na kaka.

Kwa hiyo usiende na maelezo ya laini. Ukifika na habari ya "namba yako ilichukuliwa na mtu mwingine", utakuwa unamsomea ushahidi dhidi yako mwenyewe. Na usingoje Desemba. Wakati huo uwanja utakuwa umejaa wageni, magari ya Dar yamepangwa mpaka kwenye migomba, na yeye ameletwa na wanawe. Mtu wa umri wake hawezi kukusamehe vizuri mbele ya watu wote hao, na wewe hutaweza kuomba vizuri.

Nenda Korogwe. Panda basi la asubuhi la njia ya Dar, mchana umefika. Usiende peke yako: kama mjane wa marehemu ana nguvu, nenda naye, kama hana, nenda na mtoto mkubwa wa marehemu. Beba sale, jani la Kichaga la kuombea msamaha. Najua kanisani kwenu kuna watakaosema hayo ni mambo ya kizamani, waache waseme. Mama wa Kichaga wa rika la shangazi akiona jani la sale mkononi mwako hahitaji hotuba, anajua umekuja kufanya nini. Mwambie: "Shangazi, tumemzika kaka yako bila wewe, na aliyepewa kazi ya kukuita ni mimi." Kisha nyamaza. Atakuambia mengi, na mengine hayatakuhusu, yatakuwa ya baba yako na ya mirathi ya mwaka gani sijui. Pokea yote.

Halafu wewe ni fundi, bwana! Chukua kitenge kizuri na futi yako, mpime hapohapo sebuleni. Gauni mwambie ataletewa, au atalivaa akija Desemba. Hapo utakuwa na sababu ya kumpigia: shingo aipendeje, mkono uwe mrefu kiasi gani, zipu au vifungo. Akianza kukubishia kuhusu mkono wa gauni, jua mambo yameanza kukaa sawa.

Kabla hujaondoka, fungua daftari umwombe akutajie watu wa ukoo. Mwenye kujua nani aliolewa Same, nani yuko Tarakea na nani aliacha kuja baada ya ugomvi wa shamba ni yeye na wenzake wa rika lake, simu yako haijui. Na mjane mwombe daftari la namba la marehemu. Wazee wa ushirika wengi walikuwa nalo, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, lina S.L.P. na namba za simu za zamani. Ukikuta humo namba inayoanza na 0744, jaribu 0754 na tarakimu zilezile zinazofuata. Iliyoanza na 0748 jaribu 0784. Mitandao ilibadilisha vianzio hivyo miaka mingi iliyopita, na baadhi ya wazee wako na namba zilezile mpaka leo.

Sasa simu. Mume wako mwambie asante, ila usifute. Ukishafuta, namba inabaki kwa mwenzako na jina lako linabaki kwake, siku akikupigia unamuuliza "nani mwenzangu?" Huo ni ugomvi mwingine unautafuta.

Wewe mteja akija na kitambaa humkatii kwa vipimo vya mwaka juzi, hata kama viko kwenye daftari. Unatoa futi unampima tena, kwa sababu mwili unabadilika. Namba nazo zifanyie hivyohivyo: kila ukikutana na mtu, kanisani au sokoni, mbipu hapohapo simu yake iite mkononi mwake. Kwa nusu dakika mmehakikishana wote wawili. Hii njia inashinda kukaa siku nzima na majina elfu moja, kazi ambayo hutaimaliza na sikushauri uianze.

Majina yaandike ili hata mtoto wako aelewe ukiwa umelazwa. "Mama Junior Pasua kwaya." "Fundi bomba Majengo." Acha ule mtindo wa "Mama Happy Voda" na "Mama Happy Tigo". Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile, na Tigo yenyewe siku hizi inaitwa Yas. Anzia namba na +255, ili wewe, au ndugu aliyeazima simu yako, mkiwa Nairobi mpige bila kuhangaika.

Angalia pia majina yako yamehifadhiwa wapi. Ukipoteza laini, mtandao utakurudishia namba yako baada ya kuweka kidole, lakini majina yaliyokuwa kwenye laini ya zamani yamekwenda nayo. Kwenye simu janja nyingi, ukitaka kusevu unaulizwa usevu kwenye laini, kwenye simu au kwenye akaunti ya Google. Chagua akaunti. Tatizo ni kwamba wengi wetu tulifunguliwa akaunti hiyo na kijana aliyetuuzia simu, na neno la siri analijua yeye peke yake. Kalibadilishe wiki hii, uliandike mahali. Kisha nunua daftari la kaunta, andika mwenyewe kwa mkono zile namba za ndugu zisizopaswa kupotea. Simu huibiwa stendi. Sijasikia daftari la kaunta limeibiwa.

Ukiwa na wasiwasi kama namba bado ni ya mwenyewe, njia ya mjini unaijua: anza kama unamtumia elfu moja, jina likitokea lisome, halafu ghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Inasaidia, ila kwa wazee usiiamini sana. Shangazi yako amesajiliwa na mjukuu, kwa hiyo huenda litatokea jina la mjukuu, nawe ukadhani umekosea wakati uko sahihi. Na mtu akikuandikia "namba yangu ya zamani imepotea, tumia hii", usisevu kabla hujaisikia sauti yake. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ndiko walikohamia. Meseji ya namna hiyo itume kwenda 15040, ni bure.

Kwenye msiba, meseji isihesabike kuwa taarifa. Taarifa ni sauti. Tiki iwekwe pale mtu alipopokea, ukamtambua, naye akalia au akauliza "saa ngapi?" Asiyepokea anabaki bila tiki hata akijibu kwa maandishi mazuri namna gani. Halafu hiyo kazi msimwachie mtu mmoja tena. Kila nyumba ya ukoo itoe mtu wake: aliyeko Korogwe awaite wa Tanga, aliyeko Dar awaite wa Dar. Wewe unampigia mmoja wa kila nyumba, na yeye anakurudishia jibu kuwa amewapata. Kukupa mama mmoja majina yote saa mbili usiku, naye amefiwa, ilikuwa makosa ya kikao, na unaweza kuwaambia hivyo kwa heshima zote.

Umenigusa na yule mzee wa ushirika. Namba za marehemu watu huniuliza sana. Wengine wanafuta siku ya tatu, wengine hawagusi kabisa, wanapitia jina lile kila wakitafuta jina lingine. Mimi nashauri uweke "Marehemu" mwanzoni, uiache kwa muda. Mara nyingi simu ile inabaki na mjane, na ndiyo njia pekee ya kumpata. Mpigie huyo mama. Wewe umechelewa mwaka mzima, sawa, lakini pole ya mwaka mzima baadaye ina faida yake: wakati huo turubai limeshakunjwa, watu wameacha kuja, na anayetaja jina la mzee ni yeye peke yake. Mwombe akupe na namba ya mwanaye mmoja, uisevu pamoja na jina la baba yake. Baadaye, ukisikia laini ile imekwenda kwa mtu mwingine, ndipo uifute. Laini isiyotumika miezi kadhaa mitandao huigawa upya, unayajua hayo kuliko mimi.

Sasa hili la "Mchango wa nani?" Mdogo wangu, yule rafiki yako hajakukosea. Tumelifanya hivyo sisi wenyewe. Mtu kimya miaka mitatu, siku anaibuka ni kadi ya sendoff, ikifuatiwa na kuongezwa kwenye grupu la kamati bila kuulizwa. Ukiona jina lake kwenye kioo unashika pochi kabla hujashika simu. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walionyesha kwamba anayetafutwa ghafla na mtu waliyepotezana hufurahi zaidi ya vile mtafutaji anavyodhani, na kadiri asivyotarajia ndivyo anavyofurahi. Nawaamini. Ila hawakufanya utafiti huo huku Pasua, Moshi, msimu wa harusi.

Kwa hapa kwetu, toa hofu kwanza. Mstari wa kwanza kabisa: "Sina shida wala mchango." Kisha taja kitu chenu wawili ambacho tapeli hawezi kukijua. Kwa mfano: "Rafiki, sina shida wala mchango. Leo nimeshona sketi ya marinda nikakumbuka ile yako uliyoikanyaga siku ya mashindano ya kwaya. Nikacheka peke yangu dukani." Hapo hawezi kukuuliza kuna nini. "Mambo, za siku nyingi" ni maneno ya mtu anayenyemelea.

Na baada ya hapo usimwombe kitu kwa muda mrefu. Ukipata shughuli, na utapata, yeye mruke. Akisikia mwenyewe atakuja, au atakulaumu kwa kutomwambia, na lawama hiyo ni nzuri kuwa nayo.

Picha za maua zenye "asubuhi njema" na mstari wa Biblia kila siku saa kumi na mbili, hizo usizihesabu kama kuwasiliana. Najua nitapata barua za kunipinga. Ile njia ya WhatsApp ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi mmoja mmoja nayo haifiki kwa kila mtu: wanaoipata ni wale tu waliosevu namba yako, yaani wale unaohofia wamekusahau ndio hawataiona. Afadhali upige simu moja, dakika nne, Jumapili baada ya ibada, wakati watu wametulia na hawajaanza kuwaza Jumatatu. Wazee wenye kitochi wapigie. Kuandika kwenye vibonye vile kunawachosha na kusoma kunawachosha zaidi.

Usijipe orodha ya kila mtu. Chukua wale ambao wakifiwa utapaswa kupanda gari kwenda. Hesabu yako itashuka kutoka elfu moja hadi watu ambao cherehani inakuruhusu. Wateja wabaki kwenye daftari la vipimo, wanajulikana walipo, wakitaka gauni la Pasaka watakutafuta.

Mwisho ni Desemba. Mara nyingi vikao vya ukoo huangukia siku za baada ya Krismasi, wakati wote wapo. Mwombe mwenyekiti akupe nusu saa. Pitisha daftari la kaunta, kila nyumba iandike jina la mtu wake wa taarifa na namba, na wewe uzibipu palepale uwanjani, usikie zinaita. Omba nafasi hiyo iwe mwanzoni kabla mbege haijaanza kuzunguka, maana baada ya hapo kila mtu atakuandikia namba anayoikumbuka.